Kocha Anayebisha Hodi

Jioni ya Desemba, mbele ya nyumba ya mama mmoja huko Georgia, Louisiana au Texas, wanaume wawili wanashuka kwenye gari la kukodi. Wa kwanza ni kocha mkuu wa chuo kikuu, Mzungu, sura yake inajulikana kwenye televisheni. Wa pili ni kocha msaidizi, mweusi, na yeye ndiye anayebisha hodi kwa sababu nyumba anaijua. Anajua bibi amelazwa tangu wiki iliyopita. Anajua mama anafanya zamu ya usiku na hapendi kupigiwa simu kabla ya saa tano asubuhi. Kocha mkuu atakula, atasifu chakula, atazungumza nusu saa kisha ataaga. Kijana akimwaga wino, habari zitasema kocha mkuu kanasa saini.

Anayetaka kujua rangi ya kocha ina kazi gani katika usajili wa futiboli ya vyuo Marekani aanzie hapo sebuleni, kwa yule wa pili.

Futiboli hii ni ile ya helmeti na mpira wenye ncha mbili. Timu huwa na kikosi cha kushambulia na kikosi cha kulinda, na kila eneo lina kocha wake: wakimbiaji mpira, wapokeaji, safu ya mbele ya ulinzi, walinzi wa nyuma, safu ya mbele ya mashambulizi, na kwotabeki, yule anayeushika mpira mwanzo na kuamua uende wapi. Juu yao wapo waratibu, mmoja wa mashambulizi na mmoja wa ulinzi, kisha kocha mkuu. Daraja la juu kabisa, linaloitwa FBS, lina timu zaidi ya 130. Takribani nusu ya wachezaji wake ni weusi. Makocha wakuu weusi, kwa miaka mingi, wamekuwa takribani mmoja katika kila kumi. Vyuo vimeliziba pengo hilo kwa kocha msaidizi mweusi anayetumwa kwenda kuongea na wazazi.

Utaratibu huu una historia, na historia yenyewe inauma. Hadi miaka ya 1960 vyuo vikuu vikubwa vya Wazungu vya Kusini havikuwachukua wachezaji weusi. Vijana wa Louisiana na Mississippi walikwenda kwenye vyuo vya weusi kama Grambling State, ambako Eddie Robinson alikuwa kocha mkuu kuanzia 1941 hadi 1997 na kushinda mechi 408. Wengine walipanda treni kwenda Kaskazini. Duffy Daugherty, kocha Mzungu wa Michigan State, aliwapata Bubba Smith kutoka Beaumont, Texas, na George Webster kutoka Anderson, South Carolina, pamoja na Jimmy Raye, kwotabeki kutoka Fayetteville, North Carolina. Aliwapata kwa kujenga urafiki na makocha weusi wa sekondari za Kusini. Babake Bubba mwenyewe alikuwa kocha wa sekondari. Daugherty alielewa mapema kwamba kijana hapatikani bila mtu mzima anayeaminika kwao.

Septemba 12, 1970, chuo cha USC cha California kilikwenda Birmingham kikaifunga Alabama 42–21, na mkimbiaji wake mweusi, Sam Cunningham, akakimbia yadi 135. Wengi huisimulia mechi hiyo kana kwamba ndiyo iliyofungua mlango wa Alabama, lakini Wilbur Jackson, mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa futiboli pale, alikuwa tayari chuoni, akisubiri tu zamu ya kucheza. Mwaka 1971 John Mitchell wa Mobile akawa mweusi wa kwanza kuichezea timu hiyo. Jambo ambalo halisimuliwi sana ni la 1973: Mitchell, akiwa ndiyo kwanza amemaliza kucheza, aliajiriwa palepale kuwa kocha msaidizi, mweusi wa kwanza. Chuo kilihitaji mtu wa kuingia katika nyumba ambazo kwa miaka mingi kilizipita. Miongoni mwa vijana aliosaidia kuwaleta ni Ozzie Newsome, mpokeaji aliyekuja kuwa nyota. Wakati huohuo, shule za weusi zilipounganishwa na za Wazungu, makocha wengi weusi wa sekondari walipoteza ukocha mkuu wao. Mlango mmoja ulifunguliwa huku mwingine ukifungwa, na mtandao ule aliouegemea Daugherty ukakatika.

Sasa kazi yenyewe. Chuo hugawa nchi kwa maeneo, na kila msaidizi hupewa lake: huyu Houston, yule kusini mwa Florida, mwingine Atlanta. Msaidizi wa eneo ndiye anayeona video kwanza. Akimpenda kijana, humpelekea kocha wa nafasi, naye akiridhika hupanda kwa mratibu, kisha kwa kocha mkuu, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu ofa. Kanuni zinaruhusu kuanza kumtumia kijana ujumbe binafsi Septemba 1 ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Ziara rasmi, ambazo chuo hugharamia kwa saa 48, huanza Aprili ya mwaka huohuo. Ofa ya maandishi haitolewi kabla ya Agosti 1 ya mwaka wa nne. Kabla ya hapo kila kinachoitwa ofa ni maneno matupu, hata kikiwekwa mtandaoni na nembo ya chuo. Saini nyingi hutiwa mapema Desemba.

Kuna kanuni moja inayoeleza mengi. Tangu 2008 makocha wakuu wamezuiwa kutoka nje ya chuo kuwatazama vijana katika kipindi cha majira ya kuchipua, Aprili na Mei. Wanaozunguka shuleni miezi hiyo ni wasaidizi. Na hata baada ya vyuo kuruhusiwa mwaka 2024 kutumia watumishi wengi zaidi kufundisha uwanjani, wanaoruhusiwa kutoka nje kusajili walibaki kocha mkuu na wasaidizi kumi. Watu kumi, nchi nzima. Kwa hiyo kila kiti kina hesabu yake, na mara nyingi hesabu hiyo ina rangi ndani yake hata kama haikuandikwa popote: tunahitaji mtu wa Miami, tunahitaji mtu anayeelewana na akina mama wa pale.

Litazame benchi la ufundi la chuo kikubwa chochote uone walivyopangwa. Makocha weusi utawakuta kwa wakimbiaji mpira, wapokeaji, safu ya mbele ya ulinzi, walinzi wa pembeni. Kwa kwotabeki na safu ya mbele ya mashambulizi ni wachache mno. Na waratibu wa mashambulizi, ngazi inayopandisha watu wengi kwenye ukocha mkuu, hutoka zaidi kwa kwotabeki. Mtu anayesifiwa kila msimu wa usajili kuwa msajili hodari anaweza kukaa miaka 20 akiambiwa ana kipaji cha watu, huku aliyekuwa akichora mbinu ubaoni akipandishwa. Sifa hiyohiyo iliyompa kazi ndiyo inayomfunga. Hili naliona kuwa dhuluma iliyo wazi, na halirekebishwi kwa kumwongezea cheo cha jina tu.

Je, rangi peke yake inavuta mchezaji? Mfano unaotajwa sana ni wa Deion Sanders. Desemba 2021 Travis Hunter, aliyewekwa namba moja nchini na baadhi ya wapangaji wa viwango, aliiacha Florida State akaenda Jackson State, chuo cha weusi cha daraja la chini ya FBS, kwa kuwa Sanders alikuwa kocha pale. Alimfuata tena Colorado, na Desemba 2024 akatwaa tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa mwaka wa vyuo. Wengi walisema: ona, kijana mweusi kamfuata kocha mweusi. Lakini Sanders alikuwa miongoni mwa walinzi wa pembeni bora kabisa kuwahi kucheza, na Hunter ni mlinzi wa pembeni. Ufundi, umaarufu na rangi vilikaa katika mtu mmoja. Sioni njia ya haki ya kuvitenganisha katika mfano huo.

Mfano wa upande wa pili unafundisha zaidi. Larry Johnson, kocha mweusi wa safu ya mbele ya ulinzi, alifundisha sekondari Maryland na Virginia kabla ya kwenda Penn State mwaka 1996, kisha Ohio State mwaka 2014. Eneo la Maryland na Washington alilijua kama kiganja chake, na Chase Young, mweusi aliyetokea huko, alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Lakini wanafunzi wake wengine ni ndugu wawili Wazungu kutoka Florida, Joey na Nick Bosa. Joey alichaguliwa wa tatu katika uteuzi wa NFL, ligi ya kulipwa, mwaka 2016, Nick wa pili mwaka 2019, Young wa pili mwaka 2020. Familia ya Bosa haikuhitaji kufanana na Johnson. Ilihitaji mtu anayejua mkono uingie wapi kifuani mwa mpinzani na mguu upi utangulie. Na upande mwingine tena, Nick Saban, kocha mkuu Mzungu, alikusanya Alabama vikosi vilivyojaa vijana weusi mwaka baada ya mwaka. Mmoja wa watu wake alikuwa Burton Burns, kocha mweusi wa wakimbiaji mpira, mtoto wa New Orleans aliyewahi kufundisha sekondari palepale. Chini ya Burns walipita Mark Ingram na Derrick Henry, washindi wa Heisman wa 2009 na 2015.

Nionavyo mimi, rangi hufungua mlango na kufupisha safari ya kuaminiana. Mama mweusi anapomuuliza kocha mweusi mwanangu akisimamishwa na polisi usiku katika mji wenu atampigia nani, hamlazimu kueleza kwa nini ameuliza. Hilo si jambo dogo. Lakini likishapita, yanabaki maswali ambayo rangi haiyajibu: atacheza lini, atafundishwa na nani, atamaliza shahada?

Na hiyo si habari ya weusi tu. Vijana wenye asili ya Samoa na Tonga, wa Utah, Hawaii na California, nao wana makocha wao. Ken Niumatalolo, Msamoa, aliiongoza Navy, timu ya chuo cha jeshi la majini, miaka 15, na Kalani Sitake, mzaliwa wa Tonga, ameiongoza BYU, chuo cha Utah, tangu msimu wa 2016. Pale kinachobeba mzigo ni ukoo, kanisa na lugha. Familia zetu za Kiswahili zilizohamia Ohio, Texas au Kentucky, nyingi zikitokea Kongo, zinalijua hili bila kufundishwa: kocha mweusi wa Atlanta anaweza kuwa mgeni kwao sawa na Mzungu wa Iowa, na yule aliyejifunza kuvua viatu mlangoni na kumsalimia mzee kwanza akawa mtu wa nyumbani.

Mambo huharibika pale chuo kinapoitumia imani ya msaidizi bila kumpa mamlaka. Kosa la kawaida ni kumtuma msaidizi kwa sababu ya rangi yake wakati hafundishi nafasi ya kijana. Anayemlea miezi 18 ni kocha wa wakimbiaji mpira, kijana mwenyewe ni wa safu ya mbele ya mashambulizi. Agosti anafika kambini na kukuta anayemfokea kila siku ni mtu aliyezungumza naye mara mbili tu. Kosa jingine ni ofa isiyo na mwenyewe. Msaidizi ametamka, kocha mkuu hajaidhinisha, na siku kijana anapiga simu kusema amekubali anaambiwa subiri kwanza. Aliyevunja ahadi machoni pa familia ni yule mweusi aliyekula mezani kwao, wakati aliyekataa hakuwahi kuwatazama usoni.

Kosa kubwa kuliko yote ni la kuondoka. Februari 4, 2015, siku ya kutia saini wakati huo, Mike Weber, mkimbiaji mpira wa Detroit, aliichagua Ohio State. Kesho yake Stan Drayton, kocha wa wakimbiaji mpira aliyekuwa amemfuatilia, aliondoka kwenda Chicago Bears, timu ya NFL. Weber hakuficha uchungu wake mtandaoni, lakini saini ilikuwa imeshatiwa. Siku hiyohiyo ya Februari 4, Roquan Smith wa Georgia alitangaza kwenye televisheni kuwa anakwenda UCLA, ila akaizuia karatasi. Alikuwa amesikia kuwa mratibu wa ulinzi, Jeff Ulbrich, anaelekea Atlanta Falcons, timu nyingine ya NFL, na kweli akaenda. Smith alibadili mawazo, akaenda chuo cha Georgia kwa kutia saini mkataba wa ufadhili pekee, bila ile barua ya kujifunga ambayo wakati huo karibu kila mtu aliisaini. Barua ile ilimfunga kijana kwa chuo hata kama kila kocha aliyemjua angehama. Smith alikuja kuchaguliwa wa nane katika NFL mwaka 2018. Ulbrich ni Mzungu, Drayton ni mweusi, na maumivu ya kijana ni yaleyale. Tofauti iko kwa wazazi: aliyekuwa amepewa cheo cha mjomba akiondoka, huonekana kaisaliti familia.

Barua hiyo ilifutwa Oktoba 2024, na tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje msimu mzima. Ukidhani tatizo limekwisha, tazama kalenda. Dirisha la uhamisho la 2026 liliwekwa kuwa moja tu, Januari 2 hadi 16. Kocha mkuu akiondoka, wachezaji wake hupewa muda wa pekee wa kuhama. Msaidizi akiondoka hakuna muda wowote wa ziada. Na timu za NFL huajiri wasaidizi hasa mwishoni mwa Januari na Februari, msimu wao unapokwisha. Maana yake mtu aliyebisha hodi anaweza kuondoka wiki mbili baada ya dirisha kufungwa.

Makocha wapinzani nao wana silaha yao. Wanamwambia mzazi: yule kocha mkuu mweusi unayempenda hatakuwepo mwanao atakapofika mwaka wa tatu. Ubaya ni kwamba historia iliwapa mahali pa kushika. Tyrone Willingham aliifundisha Notre Dame misimu mitatu, akashinda 21 na kupoteza 15, kibarua kikaota nyasi mwishoni mwa 2004. Aliyemtangulia, Bob Davie, alikuwa na wastani huohuo wa ushindi, takribani asilimia 58, akapewa misimu mitano. Aliyemfuata, Charlie Weis, aliongezewa mkataba mrefu kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, naye akamaliza mitano kwa wastani wa chini kidogo. Chuo hichohicho baadaye kilimpa kazi Marcus Freeman, ambaye Januari 20, 2025 alikuwa kocha mkuu mweusi wa kwanza kufika fainali ya taifa. Alipoteza 34–23 dhidi ya Ohio State. Lakini maneno ya sebuleni hayafutwi na mechi moja.

Hatari nayo haigawanywi sawa. Septemba 2017, serikali ya Marekani ilipofichua hongo katika usajili wa mpira wa kikapu wa vyuo, makocha wasaidizi wanne walikamatwa. Wote wanne walikuwa weusi. Hilo halifuti kosa la mtu. Linaonyesha nani huwekwa pale ambapo fedha, vijana na familia hukutana, na nani hukaa mbali na mlango.

Kwa mzazi mwenye kijana anayefuatiliwa, ningeanza na swali kwa msaidizi mwenyewe, kwa upole lakini uso kwa uso: ofa hii ni yako au ya kocha mkuu, na kijana akikubali usiku huu, mnamchukua? Kisha mwombe kocha mkuu alitamke hilo kwa mdomo wake. Uliza nani atakayemfundisha kila siku, na umtake mtu huyo kwenye simu. Uliza mkataba wa msaidizi unaisha mwaka gani. Mikataba ya wasaidizi ni mifupi, na katika vyuo vya umma ni nyaraka zinazoweza kuombwa. Uliza wangapi wako kwenye nafasi ya mwanao, kwa kuwa tangu 2025 vyuo vilivyojiunga na mfumo mpya wa kuwalipa wachezaji vina kikomo cha wachezaji 105. Omba kiwango cha kumaliza shahada, na usikubali cha timu nzima tu: kuna takwimu za wachezaji weusi wa futiboli peke yao, na mara nyingi pengo linajificha hapo. Katika ziara ya saa 48, mwenyeji wa kijana atakuwa mchezaji aliyechaguliwa kwa kufanana naye, wa rangi yake au wa mji wake. Mwambie atafute mwingine wa mwaka wa nne asiyepangwa, amuulize kocha aliyemsajili yuko wapi sasa.

Msaidizi mwema haudhiki na maswali haya. Wengi wao wamewahi kuwa kijana huyo kwenye kochi.

Januari 2014, kocha mkuu wa Penn State alipoondoka kwenda NFL, Larry Johnson alishika timu kwa muda, akaomba kazi hiyo na hakuipata. Ilikwenda kwa James Franklin, mweusi pia, aliyekuwa tayari kocha mkuu Vanderbilt. Johnson akahamia Ohio State. Desemba 5, 2020, kocha mkuu Ryan Day alipokuwa karantini kwa korona, Johnson aliiongoza Ohio State dhidi ya Michigan State, mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa chuo hicho katika mechi, japo kwa kukaimu. Walishinda 52–12. Day aliporudi, Johnson naye akarudi kwenye safu yake ya ulinzi na kwenye simu za wazazi.